Majivu ya Koplo: mambo ya kuuliza kabla mbwa wako hajachomwa

Kampala ni mji wa wapangaji. Ukifiwa na mbwa nawe unaishi ghorofa ya tatu Kyaliwajjala, au kwenye muzigo, yaani nyumba ndogo ya kupanga, wa chumba na sebule Kireka, huna kipande cha ardhi cha kuchimba kaburi. Uwanja wote ni saruji mpaka ukutani, na palipobaki udongo pana shimo la choo. Mwenye nyumba atakuruhusu kufuga mbwa kwa kuwa mbwa huyo analinda na mali yake, lakini habari ya kumzika uani hataki kuisikia. Ndiyo maana watu wa mjini wanaulizia kuchoma. Nami nilipouliza, nilijibiwa nusu nusu, na nusu iliyobaki ndiyo niliyoihitaji zaidi.

Nilichokuja kuelewa ni kwamba kuna njia kadhaa za kumchoma mbwa na hazifanani kabisa. Anaweza kutiwa katika tanuri la taka za hospitali pamoja na mabomba ya sindano na bandeji zilizotumika. Anaweza kuchomwa na wanyama wengine kwa pamoja. Anaweza kuchomwa peke yake, ukarudishiwa majivu ambayo kweli ni yake. Gharama ni tofauti, kinachorudi nyumbani ni tofauti, na usipouliza hakuna atakayekueleza. Wala hawafanyi hivyo kwa ubaya. Wateja wengi wanaondoka wakilia na hawataki kusikia habari za tanuri.

Koplo alikuwa mbwa wa kienyeji, rangi ya udongo mwekundu, kilo 20 hivi. Jina alipewa na wanangu kwa heshima ya babu yao, askari polisi mstaafu aliyetulea kambini. Kambi ndiyo iliyotupa Kiswahili. Nyumbani kwetu hatujawahi kuwa na lugha nyingine ya kugombana wala ya kubembelezana. Akiwa bado kijana, Koplo aligongwa na boda boda akavunjika mfupa wa paja, na daktari akamtia pini ya chuma ndani ya mfupa. Haikutolewa tena. Iweke pini hiyo akilini, maana ina kazi yake mbele.

Uzeeni figo zilimshinda. Akawa anakunywa maji mengi na kutapika, akakonda mpaka mbavu zikahesabika. Daktari wetu wa mifugo alipotushauri tumlaze kwa sindano, nilimwuliza kabla ya kuondoka, "Daktari, na mwili je?"

Nilikuwa nimeshapiga simu kliniki nyingine iliyo karibu zaidi na kwetu, nikaambiwa, "Mwacheni hapa tu, tutashughulikia." Nikasisitiza niambiwe watashughulikia vipi. Mwisho kijana akasema kwamba anatiwa kwenye mfuko na kuchukuliwa na gari la taka. Simlaumu kijana yule, ndivyo kazi yao ilivyopangwa. Ila tangu jalala la jiji kule Kiteezi lilipoporomoka tarehe 10 Agosti 2024 na kuua watu zaidi ya 30 waliokuwa wakiishi chini yake, siwezi kupeleka mwili wa mbwa kwenye jalala na kujiambia kwamba umekwenda mbali. Huko kuna watu.

Daktari wetu yeye alivuta kiti akakaa. "Mama Salama," akaniambia, "kwanza niambie kama unataka majivu au hutaki. Ukishaamua hilo, mengine yanajipanga."

Ndiyo njia nzuri ya kuanza. Kama hutaki majivu, kuchomwa kwa pamoja kunatosha na ni nafuu: wanyama kadhaa wanaingia tanurini mara moja, majivu yanachanganyika, na wenye tanuri wanayazika wao. Hapo hupewi kitu, na yeyote atakayekupa kikopo baada ya kuchoma kwa pamoja anakudanganya. Njia ya katikati ni wanyama wawili watatu kuwekwa ndani ya tanuri moja wakiwa wametenganishwa kwa matofali au trei. Utapewa majivu ambayo kwa sehemu kubwa ni ya mbwa wako, lakini upepo wa ndani ya tanuri huhamisha chembe kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ya tatu ni mbwa mmoja, tanuri tupu. Hata hapo vumbi kidogo la aliyetangulia hubaki kwenye nyufa za matofali, na mtoa huduma mwaminifu atakueleza hivyo mwenyewe bila kubanwa.

Swali la kuuliza basi ni hili, liulize vilevile lilivyo: "Wakati mbwa wangu akiwa ndani, kutakuwa na mnyama mwingine ndani?" Ukiuliza kama ni huduma ya binafsi utaambiwa ndiyo, maana kila mtu ana maana yake ya neno binafsi. Uliza idadi ya miili. Kisha uliza namna wanavyomtambua kutoka kliniki mpaka tanurini. Mahali penye utaratibu mzuri mnyama hupewa kidani cha chuma cha pua chenye namba, kinaingia naye motoni, na kinatoka na majivu. Karatasi iliyobandikwa kwenye mfuko haitoshi, kwani mfuko hauingii tanurini.

Ukiruhusiwa kuwapo, nenda. Ukishindwa, mtume ndugu.

Tanuri lenyewe si moto wa kuni wenye ukuta. Lile la kuchomea maiti lina vyumba viwili. Katika chumba cha kwanza mwili unachomwa kwa joto la nyuzi kati ya 760 na 980 za Selsiasi, na katika cha pili moshi unaotoka unachomwa tena kabla haujafika kwenye bomba, ndiyo maana tanuri linaloendeshwa vizuri halitoi moshi mweusi wala harufu. Mbwa wa kiasi cha Koplo huchukua saa moja mpaka mbili, halafu tanuri linaachwa lipoe. Nyama, manyoya na mafuta yote huondoka kama mvuke na gesi. Kinachobaki ni madini ya mifupa, hasa fosfeti ya kalisi, vipande vyeupe vinavyovunjika kirahisi. Vipande hivyo hukusanywa kwa ufagio wa chuma, sumaku inapitishwa kuondoa vyuma, kisha vinasagwa. Kwa hiyo tunachokiita majivu ni mifupa iliyosagwa.

Hilo lilinisaidia nilipokabidhiwa yale ya Koplo. Nilitegemea majivu ya jikoni, yale laini ya mkaa yanayoruka ukipumua. Niliyoyakuta ni mazito, ya kijivu kinachoelekea weupe, yana chenga kama mahindi yaliyosagwa ovyo. Uzito wa majivu huwa asilimia 3 hadi 4 ya uzito wa mnyama, kwa hiyo mbwa wa kilo 20 atatoa gramu 600 hadi 800, na hayajazi chombo cha lita moja. Ukipewa ndoo, uliza. Yakiwa meusi, hayakuungua sawasawa. Kwa mtoto wa mbwa wa wiki chache usishangae ukipewa kiasi cha kukaa kwenye kiganja, maana mifupa yake haijapata madini ya kutosha.

Pamoja na kile chombo daktari alinipa kibahasha. Ndani yake ilikuwamo pini ya paja, imebadilika rangi ikawa ya samawati na kahawia kwa moto, lakini imenyooka vilevile kama ilivyoingia. Chuma cha pua cha hospitali hakiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 1,300, na tanuri haliendi huko. Niliiweka mkononi nikaigeuzageuza. Si kila mbwa ana pini, najua, lakini aliye na bamba au skrubu mwilini ana ushahidi ambao hakuna karatasi inayoweza kuushinda. Mwambie daktari mapema kwamba unavitaka vyuma vyake, la sivyo vitatupwa.

Sasa lile tanuri la taka za hospitali. Kliniki nyingi na hospitali za watu zina mkataba wa taka kuchomwa, na mwili wa mbwa unaweza kwenda huko kihalali. Kiafya hakuna ubaya: moto ule unaua vijidudu. Ila ni moto wa kutokomeza, haukupangwa kumrudishia mtu kilicho chake. Kliniki ikikwambia "tunachoma", na bei ikawa ndogo kuliko ulivyotarajia, mara nyingi ni huko. Ukiridhika, sawa kabisa. Daktari wetu alipanga na wenye tanuri nje ya mji wamchome Koplo asubuhi kabla ya kitu kingine chochote, likiwa limefagiliwa na liko tupu, nasi tukalipia mafuta ya kuliwasha. Ni mpango wa mtu na mtu, unahitaji daktari anayekubali kupiga simu.

Wako wanaojaribu kuchoma wenyewe kijijini. Nawasihi wasifanye. Zaidi ya nusu ya mwili wa mbwa ni maji, na maji hayo lazima yakauke kabla chochote hakijashika moto. Utamaliza kuni nyingi sana, na mwisho utakutana na jambo ambalo hutaki wanao walione. Watu wanaongeza tairi na petroli, moshi unatanda kijiji kizima, na kilichobaki bado kinanuka. Kama uko kijijini na una ardhi, mzike. Kina kipite mita moja, mbali na kisima na chemchemi, pasipotuama maji wakati wa mvua. Funga kwa kitambaa cha pamba, usimtie kwenye kaveera, mfuko wa plastiki. Watu humwagia chokaa wakidhani inaozesha upesi, kumbe chokaa huchelewesha kuoza.

Sababu kubwa ya kina hicho, na pengine sababu bora ya kuchoma, ni sindano yenyewe. Dawa inayotumika sana duniani kuwalaza mbwa ni pentobabito, na haiishi mnyama anapokufa. Inabaki katika nyama, na kwenye mwili uliozikwa juu juu inaweza kukaa muda mrefu ikingojea atakayefukua. Mbwa wa jirani akila, analala asiamke. Ndege wala mizoga vilevile, na hapa kwetu kaloli, wale korongo wakubwa, wamejaa kwenye kila jalala la Kampala. Moto wa tanuri huiharibu dawa hiyo kabisa. Mbwa aliyeuawa kwa sumu ana hatari ileile au zaidi. Machi 2021 kule Ishasha, katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, simba sita walikutwa wamekufa na dalili zikaelekea kwenye sumu, na palepale walikutwa tai wanane wamekufa pia. Sumu haimalizi kazi kwa mnyama wa kwanza. Wale wanaotupa mbwa aliyelishwa sumu mtaroni, na nimewaona, wanaitawanya tu.

Kuna hali moja ambayo inabidi usichome haraka, hata kama tanuri liko tayari na pesa umelipa. Mbwa akifa baada ya kubadilika tabia, akawa mkali bila sababu au mpole kupita kawaida, akidondokwa na mate, taya limelegea, anashindwa kumeza, mwite ofisa wa mifugo wa wilaya kwanza. Kichaa cha mbwa huthibitishwa kwa kupima ubongo, na maabara ya taifa ya magonjwa ya wanyama iko Entebbe. Ukishamchoma, ushahidi umekwenda, na kama aling'ata mtoto wa mtu, familia ile itabaki gizani. Usifungue mwili, usiushike bila glavu, uhifadhi mahali pa baridi. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, aende hospitali siku hiyohiyo akachanjwe, asisubiri majibu ya maabara. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, na dalili zikishaanza kuonekana kwa binadamu ni nadra mno mtu kupona. Haya nayasema kwa mkazo kwa sababu huzuni inatutia haraka ya kumaliza.

Nafuu ni kwamba mbwa aliyekufa kwa uzee, figo au saratani hana haraka hiyo. Ana haraka ya joto tu. Kwa hali ya hewa yetu una saa chache. Mkunje miguu kwa mkao wa kulala mapema, kabla mwili haujakakamaa, na weka taulo chini ya mapaja kwa sababu mkojo utatoka. Macho huenda yasifumbe. Ni kawaida, si kwamba anateseka. Mvue ukanda wa shingoni na kila kitu cha plastiki, vinachafua moshi. Sisi tulimfunga Koplo kwa lesu ya pamba ya mama yangu. Binti yangu alitaka olubugo, kitambaa cha gome la mti cha Waganda, naye mzee akamkataza kwa upole: "Hapana, mjukuu wangu. Hilo ni vazi la kuzikia watu katika nchi ya wenyewe, tusiwakwaze." Nadhani alikuwa sahihi.

Nimesoma pia kuhusu njia ya maji. Mwili unawekwa kwenye chombo cha chuma chenye maji moto yaliyotiwa alkali, kama potasiamu haidroksaidi, na kwa saa kadhaa, hata saa 18 hadi 20 kwa mashine za joto la chini, kila kitu laini kinayeyuka, inabaki mifupa meupe ya kusagwa. Askofu Mkuu Desmond Tutu ndiye aliyeifanya ijulikane Afrika, kwani mwili wake ulipitishwa njia hiyo Cape Town baada ya kufariki Desemba 2021, kwa kuwa aliijali mazingira. Inatumia nishati kidogo kuliko moto na dawa ya sindano inavunjika humo pia. Kama ingekuwa karibu yangu ningeichagua.

Kuhusu watu watakaosema kwamba huu ni uzungu, nina maneno machache. Kuchoma maiti hapa Uganda kuna umri mrefu: Wahindu wetu wana mahali pao Lugogo, katikati ya Kampala, na sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ilitiwa mtoni Jinja mwaka 1948, pale Nile inapoanzia. Sanamu yake iko palepale. Ukiufuata mto huohuo mpaka Misri, unafika Saqqara, ambako chini ya ardhi kuna mapango ya mbwa waliotayarishwa kwa maziko zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Watafiti wanakadiria kwamba wanyama waliowekwa humo walikaribia milioni nane, wengi wao mbwa. Siombi mtu afuate imani za Wamisri wa kale, nasema tu kwamba kumpa mbwa mwisho wa heshima hakukuanzia Ulaya.

Hajati, jirani yetu wa chini, alikuwa na shaka ya aina nyingine. Aliniuliza kama nitaweka majivu ya mbwa ndani ya nyumba ambamo yeye hupita kuniazima sufuria, naye ana udhu. Nilimwambia hapana, yatakaa kwenye baraza, kwenye chombo kilichofungwa. Akatulia. Kisha akaniambia kwamba katika Suratul Kahf mbwa wa wale vijana wa pangoni ametajwa, amenyoosha miguu yake kizingitini, na kwamba yeye hakuwahi kuona vibaya Koplo akilala vile mlangoni kwetu. "Mwanangu, alitulinda sote," akasema. Maneno hayo yalinifaa kuliko rambirambi zote za WhatsApp.

Majivu tuliyapeleka kwa mzee, shambani kwake nje ya Jinja. Hapa pana jambo la kuangalia: majivu ya mifupa yana chumvi na alkali nyingi, ukiyamwaga yote kwenye shina la mche mmoja unaweza kuuchoma mizizi. Tuliyachanganya na udongo mwingi na samadi kwenye shimo pana, tukapanda mwembe kando, si juu yake. Mzee alitaka pini izikwe humo. Salama alikataa. Anayo kwenye kopo lake la penseli.

Wiki iliyopita Hajati alinipandia ghorofani kwa niaba ya ndugu yake wa Bombo, mwenye mbwa mzee asiyeweza tena kusimama vizuri. Tukampigia simu daktari wake tukiwa pamoja, mbwa angali hai, tukauliza yote: nani anachoma, wapi, miili mingapi kwa mara moja, utambulisho upi, bei kwa kilo au kwa mnyama, na kliniki ina friza au haina. Haina. Kwa hiyo sasa anajua kwamba siku ikifika lazima iwe asubuhi, na lazima gari liwe limepangwa kabla ya sindano.